Kichwa cha Ukurasa Kikiwa Picha

Asanteni. Waliokaa nyuma wasogee mbele, maana herufi za ukutani hapa ni ndogo.

Tazameni ukurasa huu. Ni wa nyumba ya wageni moja ya pwani, jina nimelifuta. Juu kabisa pameandikwa "Vyumba vinavyotazama bahari", herufi zimepambwa kama nakshi za mlango wa Zanzibar. Zinapendeza kweli. Sasa nafungua kodi yake, yale maandishi ya kiufundi yanayouunda ukurasa. Pale kwenye h1, alama ya kichwa kikuu cha ukurasa, pana nini? Picha iitwayo "kichwa-mwisho-kabisa2.png". Basi. Hakuna neno vyumba, hakuna neno bahari. Mwenye nyumba alinipigia simu akilalamika kwamba Google inamficha. Haimfichi. Imefika mlangoni ikakuta kibao kitupu.

Kosa hili nimelifanya mwenyewe, tena kwa kujidai. Zamani fonti za kutegemea zilikuwa chache, Arial, Georgia, Verdana. Mteja akitaka herufi za kwake, unaingia Photoshop kuzichora kama picha. Mwaka 2003 msanifu wa wavuti Douglas Bowman alieneza mbinu iliyopewa jina la mwenzake Todd Fahrner: maneno yabaki kwenye kodi, CSS, yaani amri za mwonekano wa ukurasa, iyafiche, picha ionekane mahali pake. Tukashangilia. Kumbe programu zinazowasomea wasioona nazo zilitii amri ile ile ya kuficha, zikakiruka kichwa kizima! Baadaye Mike Rundle akaja na njia ya kuyasukuma maneno maelfu ya pikseli kushoto, nje ya skrini. Wasioona wakasomewa. Ila aliyezima picha ili kuokoa bando hakuona kitu: neno limefukuzwa, picha haijaja.

Hapo ndipo watu wanapoiogopa Google. Kanuni zake dhidi ya hila zinataja waziwazi kusukuma maandishi nje ya skrini kwa CSS, na kuyaficha nyuma ya picha. Ukiishia hapo utatetemeka. Endelea kusoma: kinachokatazwa ni kuficha ili kuidanganya injini ya utafutaji. Picha ikisema "Vyumba vinavyotazama bahari" na kodi ikasema vivyo hivyo, umemdanganya nani? Wa kuogopa ni yule fundi, na wapo humu, msiinamishe vichwa, anayejaza nyuma ya picha "hoteli nafuu Zanzibar hoteli bora Zanzibar hoteli rahisi Zanzibar".

Siku hizi mimi huanza kwa kumuuliza mteja kama picha yenyewe inahitajika. Kivinjari cha Safari kilianza kupokea fonti za wavuti, zinazopakuliwa pamoja na ukurasa, mwaka 2008, Firefox 2009, na 2010 Google ikafungua hazina yake ya fonti za bure. Herufi nyingi ambazo bado mnahangaika kuzichora zipo tayari, na neno linabaki neno: unalinakili, unalitafuta, na mgeni Mjerumani akibonyeza kitufe cha kutafsiri linageuka Kijerumani. Google yenyewe inashauri vichwa na menyu visifungiwe ndani ya picha, na suala hilo la tafsiri ni mojawapo ya sababu inazotoa.

Herufi zikiwa ni kazi ya mkono kweli, tuseme khati aliyoichora fundi na mteja hataki kuiacha, naiweka picha ndani ya h1, halafu kwenye alt, sehemu ya maelezo yanayosimama badala ya picha, naandika maneno yale yale yanayoonekana. Si "picha ya kichwa". Si msururu wa maneno mnayotaka kupanda nayo. Ni kama unamsomea mtu kwenye simu kilichoandikwa ukutani; unasoma kilichopo, huongezi chumvi.

Ngoja niurekebishe huu mbele yenu. H1 hii hapa. Picha ndani yake. Alt: Vyumba vinavyotazama bahari. Nahifadhi. Sasa nazima picha kwenye kivinjari, napakia upya... Mmeona? Nakshi zimekwenda, maneno yamebaki pale juu. Mwenye nyumba nimeshamwambia asinipigie kesho asubuhi kuuliza amefika wa ngapi. Google itapita tena kwa wakati wake.

Haya, yule mwenye shati la bluu alikuwa ameshanyosha mkono tangu kwenye habari za bando.