Mike Tyson: Umaarufu Mrefu wa Mapambano Mafupi

Mabibi na mabwana, hamjambo. Nimepewa mada ya kugombanisha watu: je, Mike Tyson amekuzwa kupita alichokifanya ulingoni? Jibu langu nalitoa mapema, ili mwenye kukereka akereke mapema. Ndiyo, amekuzwa. Ila amekuzwa upande usio wake, na upande aliostahili kusifiwa watu wanaupita kama hawauoni.

Kila siku tunasimuliana habari za ngumi zake. Lakini mabondia wenye ngumi nzito hawakuanza na Tyson wala hawakuishia kwake. Earnie Shavers aliogopwa na kila aliyepanda naye ulingoni, na hakuwahi kuvaa mkanda wa dunia. Ngumi nzito peke yake haimfikishi mtu mbali. Cha ajabu kwa Tyson kilikuwa namna alivyokwepa.

Tazameni kimo chake. Rekodi zinampa sentimita 178. Katika uzito wa juu huyo ni mfupi. Tony Tucker, aliyepigana naye mwaka 1987, alimzidi karibu sentimita 18. Mtu wa kimo hicho akisimama mbali anapigwa bila kujibu. Kwa hiyo Cus D'Amato, kocha mzee aliyemlea kule Catskill, jimbo la New York, alimfundisha kuingia ndani. Glovu mbili mashavuni, viwiko vimebana mbavu, kiwiliwili hakitulii. Kila konde lilikuwa na namba yake. Kocha anataja namba, kijana anarusha, mpaka mwili ukazoea kujibu bila kuuliza. Na mbinu hiyo haikuwa mpya. D'Amato alikuwa ameshamfikisha nayo Floyd Patterson kwenye ubingwa mwaka 1956, Patterson akiwa na miaka 21, na hakuna bingwa wa uzito wa juu aliyekuwa mdogo kuliko yeye mpaka alipokuja Tyson. Mwalimu mmoja, rekodi mbili. Tunapogawa sifa, mzee huyo tunamsahau mara nyingi mno.

Mkipata nafasi, tazameni pambano lake lolote la mwaka 1986, na kwa mara moja msiangalie mikono. Angalieni miguu. Mpinzani anarusha ngumi ya kushoto iliyonyooka. Tyson anakitoa kichwa njiani, na wakati huo huo mguu unapiga hatua kuelekea ubavuni mwa yule mwingine. Sasa amesimama mahali ambapo mpinzani hawezi kumpiga mpaka ageuke kwanza. Kabla hajageuka, mkono wa kulia umeshatua mbavuni, na mkono ule ule unapanda kutoka chini kwenda kidevuni. Mabondia wengi hupokezanisha mikono, kushoto kisha kulia, na anayepigwa huuzoea mdundo huo akajikinga nao. Kwa Tyson mdundo haukuwepo. Kazi hiyo ndiyo ningependa tuisifu, maana ni kazi ya kusomea, si hasira ya kuzaliwa nayo.

D'Amato alifariki Novemba 1985, hakuuona mkanda. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 22 Novemba 1986 mjini Las Vegas, Tyson akiwa na miaka 20 na miezi minne, alimpiga Trevor Berbick katika raundi ya pili. Konde la kushoto lilimwangusha, Berbick akainuka, miguu ikakataa, akayumba hadi kwenye kamba, akainuka tena, akaanguka tena. Ngumi moja, maanguko kadhaa. Refa Mills Lane akamaliza kazi.

Hapo sasa ndipo hadithi inapoanza kuwa kubwa kuliko mtu. Katika mapambano yake 19 ya kwanza, Tyson alishinda yote kwa KO, yaani mpinzani hakuweza kuendelea, na 12 kati ya hayo yaliisha raundi ya kwanza. Michael Spinks, bondia ambaye hakuwa amepoteza hata pambano moja, alidumu sekunde 91 mwaka 1988. Sekunde 91! Pambano zima linaingia kwenye simu yako ukiwa unasubiri chai ichemke. Kijana aliyezaliwa baada ya Tyson kustaafu anaweza kuangalia ushindi wake kumi kwa mkao mmoja. Muhammad Ali na Joe Frazier kule Manila mwaka 1975 walipigana raundi 14, na nani ana muda huo?

Sasa geuzeni upande wa pili. Kipigo cha Tokyo mwaka 1990, aliposhindwa na James Douglas, kilikuwa raundi kumi. Cha Evander Holyfield mwaka 1996, raundi 11. Cha Lennox Lewis mwaka 2002, raundi nane. Ushindi wake ni mfupi, unasambaa. Vipigo vyake ni virefu, havina mtazamaji. Watu wengi wanaobishana nami kuhusu Tyson hawajawahi kuangalia pambano la Tokyo lote, wameona lile konde la mwisho tu. Kwa hiyo mtu tunayembishania ameundwa kwa vipande vya dakika mbili mbili.

Tuangalie basi hao aliowashinda, bila chuki. Larry Holmes alipigwa raundi ya nne, Januari 1988. Holmes alikuwa na miaka 38 na hakuwa amepigana tangu Aprili 1986. Wakosoaji wa Tyson hutaja hilo na kuondoka. Mimi nawaomba wabaki kidogo, kwa sababu Holmes alipigana mapambano 75 maishani mwake na pambano hilo ndilo pekee aliloshindwa kwa KO. Basi ushindi ule unahesabika. Spinks naye anahesabika, ingawa alikuwa amepanda kutoka uzito wa chini. Alikuwa amemshinda Holmes mara mbili, na baada ya usiku ule hakupigana tena. Donovan Ruddock, mara mbili mwaka 1991, alikuwa hatari kweli.

Baada ya hapo orodha inakuwa nyepesi. Mikanda ya uzito wa juu katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa ikipita mkono hadi mkono, kwa wanaume wenye vipaji na nidhamu haba. Tyson aliikusanya yote mitatu, na hiyo si kazi ndogo. Lakini hata katika kuikusanya, James Smith alimkumbatia raundi 12 nzima, na Tucker naye alifika raundi ya 12. Yote mawili Tyson alishinda kwa pointi. Mapambano hayo hayarudiwi kuonyeshwa na wala siwalaumu wenye televisheni, kwa kweli yanachosha. Lakini yalikuwa yameshatoa siri: mtu mkubwa asiyeogopa, anayejua kushika, anaweza kumfikisha Tyson mahali ambapo mpango wa kwanza umekwisha na wa pili haupo.

Tarehe 11 Februari 1990 akapatikana mtu huyo. James Douglas, ambaye wacheza kamari walimpa nafasi ya 42 kwa moja, yaani karibu hakuna aliyedhani atashinda, alikuwa amemzika mama yake wiki chache kabla. Aliingia akipiga ngumi ya kushoto iliyonyooka, moja baada ya nyingine, na Tyson, yule wa kukwepa, hakukwepa. Jicho lake la kushoto likavimba. Kona yake, yaani wasaidizi wake, haikuwa hata na kile kipande cha chuma baridi cha kukandamizia uvimbe, wakajaza maji ya barafu kwenye glovu ya mpira na kumwekea jichoni. Bingwa wa dunia wa mikanda yote, ndani ya Tokyo Dome, anakandwa jicho kwa glovu ya mpira! Mwishoni mwa raundi ya nane alimwangusha Douglas kwa konde la kutoka chini, Douglas akanyanyuka. Raundi ya kumi ikawa zamu ya Tyson. Yuko chini, anapapasa sakafu kutafuta kinga ya meno, anaiokota na kuibana mdomoni upande mmoja ukining'inia nje.

Na sikilizeni kadi za majaji. Baada ya raundi tisa za kuchapwa vile, jaji mmoja alikuwa anampa Tyson uongozi wa pointi moja, na mwingine alikuwa ameandika sare. Mimi naona hofu ya Tyson ilikuwa imewaingia hata waliokaa nje ya kamba.

Watetezi wake wana majibu, na nitayachukua kwa uzito. Wanasema refa alichelewa kuhesabu Douglas alipoanguka. Lakini bondia aliye chini husikiliza hesabu ya refa, si saa ya ukutani, na Douglas aliinuka ndani ya hesabu hiyo. Wanasema Tyson alikuwa amemfukuza Kevin Rooney, kocha aliyeirithi mbinu ya D'Amato. Hilo ni kweli, alimfukuza mwaka 1988, na tangu hapo kichwa kilianza kutulia, akawa anatafuta konde moja la kumaliza. Lakini nani alimfukuza? Kuchagua watu wa kona ni sehemu ya kazi ya bingwa, kama vile kuamka alfajiri kukimbia.

Jibu la tatu ndilo linaloniudhi. Wanasema gereza lilimnyang'anya miaka yake bora. Wanalisema kama mvua iliyomkuta njiani. Tyson alitiwa hatiani mwaka 1992 kwa kosa la ubakaji, akakaa gerezani miaka mitatu. Yeye amekuwa akikana siku zote, mahakama iliamua. Katika kesi ile kulikuwa na binti wa miaka 18, na wanaopiga hesabu za mikanda iliyopotea huwa hawamkumbuki kabisa. Na hata tukibaki kwenye ndondi tu, kipigo cha Tokyo kilitokea miaka miwili kabla ya hukumu. Alikuwa na miaka 23.

Kisha kuna suala la umri, ambalo sijui kwa nini halisemwi. Tunaambiwa Holyfield na Lewis walimkuta amechoka. Holyfield alizaliwa Oktoba 1962, Tyson Juni 1966. Lewis alizaliwa Septemba 1965. Douglas alizaliwa 1960. Wote watatu ni wakubwa kwake. Walipokutana mwaka 1996, Holyfield alikuwa na miaka 34, alikuwa ameshaambiwa ana tatizo la moyo akastaafu, akarudi, na mwaka mmoja kabla alikuwa amepigwa KO na Riddick Bowe. Wengi walihofia afya yake. Akasimama katikati ya ulingo, akamsukuma Tyson nyuma, akampiga kila alipojaribu kuingia. Mwaka uliofuata, Juni 1997, Tyson alimng'ata masikio, akaondolewa raundi ya tatu. Yeye alilalamikia vichwa vya Holyfield, na ni kweli vichwa viligongana. Hata hivyo mimi naamini mtu anayejua atashinda hang'ati.

Hapo ndipo nilipotaka kufika. Holyfield alipigwa na Bowe mwaka 1992, akarudi mwaka uliofuata akamshinda. Lewis alipigwa na Oliver McCall, akalipiza. Akapigwa na Hasim Rahman mwaka 2001, akalipiza mwaka huo huo. George Foreman alipoteza ubingwa kwa Ali kule Kinshasa mwaka 1974, akaurudisha mwaka 1994 akiwa na miaka 45. Tyson hakulipiza kipigo hata kimoja. Hakuwahi kuanguka sakafuni, akainuka, akashinda. Atakayenibana vizuri atanitajia Francois Botha, Januari 1999: Tyson alikuwa nyuma kwa pointi, mambo yanakwenda vibaya, akamzima kwa konde moja la kulia raundi ya tano. Nakubali, lakini Botha hakuwa Holyfield, na pambano moja la namna hiyo katika miaka ishirini ni kidogo mno kwa mtu tunayemwita wa kutisha kuliko wote.

Lile la Novemba 2024 na Jake Paul, kijana wa YouTube aliyeingia kwenye ndondi, silihesabu. Tyson alikuwa na miaka 58. Limeingia kwenye rekodi rasmi, sasa ni ushindi 50 na vipigo saba, lakini lilikuwa biashara, na aliyelitazama akitarajia Tyson wa 1988 alijitakia mwenyewe.

Mimi namweka wapi? Kwa ubora wa kilele chake, kuanzia Berbick hadi Spinks, miezi kumi na tisa, ni wachache sana katika historia ningewapa nafasi mbele yake, na sababu ni ile miguu na kile kichwa. Kwa kazi nzima, Ali na Joe Louis wako mbali juu. Holmes, Foreman, Frazier na Rocky Marciano wako juu yake, pia Holyfield na Lewis waliomshinda wenyewe kwa mikono yao. Tyson namkuta nafasi ya tisa au ya kumi, na mwaka 2011 alipoingizwa katika ukumbi wa heshima wa ndondi kule Canastota sikuona kosa lolote.

Sasa nasikiliza. Anayemweka juu ya Lewis aanze yeye, na atueleze raundi kwa raundi.