Aproni Isiyofunika Kwapa: Wanawake katika Upasuaji wa Mifupa na Vyama Vyake

Walimu wangu, madaktari wenzangu, nanyi wanafunzi wa udaktari mliojaa mistari ya nyuma,

Naomba nianze na vazi. Tunaponyoosha mfupa wa paja uliovunjika na kuupitishia chuma ndani, hutazama kazi yetu kwa eksirei mara nyingi kabla ya kushona, na ndiyo maana kila aliyemo chumbani huvaa aproni nzito yenye madini ya risasi yanayozuia mionzi. Ikiwa kubwa kuliko anayeivaa, tundu la mkono hupwaya, na kila anapoinua mkono kushika drili, sehemu ya juu ya titi, upande wa kwapani, hubaki wazi. Ni sehemu hiyohiyo ambayo saratani ya matiti huanzia mara nyingi zaidi. Tafiti zilizofanywa Marekani zimekuta saratani hiyo kwa madaktari wa kike wa mifupa kwa kiwango kikubwa kuliko kwa wanawake wengine wa umri wao. Waliochunguzwa ni wachache na chanzo hakijathibitishwa, lakini aproni yenye mabawa ya kufunika kwapa inaweza kushonwa leo bila kumsubiri mtafiti yeyote. Imechelewa kufika vyumbani kwetu kwa sababu waliokaa kwenye meza ya kuagiza vifaa na kuandika miongozo walivaa aproni zilizowatosha.

Kwa hiyo ninapodai wanawake wawemo katika kamati za vyama vyetu, ninadai macho yanayoiona kasoro hiyo kabla haijaumiza mtu.

Vyama hivyo vilizaliwa bila wao. Chama kikuu cha madaktari wa upasuaji wa mifupa cha Marekani, AAOS, kilianzishwa mwaka 1933. Ruth Jackson, aliyekuwa akitibu mifupa mjini Dallas, hakuwamo; alifanya mtihani wa bodi inayothibitisha mabingwa, akafaulu, na mwaka 1937 akawa mwanamke wa kwanza kuingia. Mwanamke wa kwanza kushika urais wa chama hicho, Kristy Weber, alipatikana mwaka 2019: miaka 86 tangu kuanzishwa. Chama cha Uingereza, kilichoanza mwaka 1918, kilimpata rais wake wa kwanza mwanamke, Deborah Eastwood, mwaka 2022.

Mnaweza kusema kwamba milango sasa i wazi, tuwape muda. Nami niliwahi kuamini hivyo. Lakini wanawake ni zaidi ya nusu ya wanaosomea udaktari nchini Marekani, ilhali katika mafunzo ya ubingwa wa mifupa mwaka 2019 walikuwa takriban asilimia 15 tu, na miongoni mwa mabingwa wanaofanya kazi hawafiki asilimia 10. Waliokokotoa mwendo huo walikadiria kuwa, ukibaki ulivyo, itachukua zaidi ya miaka 200 fani hii kuwa na uwiano wa wanawake uliopo katika udaktari kwa jumla. Huo ni muda wa vizazi vinane.

Husemwa pia kwamba kazi hii inataka nguvu. Inataka, ila kidogo kuliko wanavyodhani walio nje. Nyonga iliyoteguka hurudi mahali pake mgonjwa akiwa amelegezwa misuli kwa dawa, na daktari akiwa anajua pembe ya kuvutia. Asiyeijua atavuta mpaka achoke. Jacquelin Perry, daktari wa mifupa wa Marekani, alishiriki kubuni pete ya chuma inayofungwa kwenye fuvu ili kuitegemeza shingo ya mgonjwa aliyepoozwa na polio. Mpango wenye jina lake, ulioanza mwaka 2009, huwapa wasichana wa sekondari drili na mifupa bandia, wakaunganisha kwa mikono yao mfupa uliovunjika. Nawapenda waliobuni jambo hilo, kwa maana msichana aliyekwisha kuisikia skrubu ikiuma mfupa hawezi tena kuambiwa kwamba mikono yake haifai.

Shida kubwa iko mbele zaidi, katika foleni. Rais wa chama hupatikana miongoni mwa waliokuwa makamu, makamu miongoni mwa wenyeviti wa kamati, mwenyekiti miongoni mwa wajumbe, na mjumbe mara nyingi ni yule ambaye mkubwa fulani alimkumbuka jina siku ya uteuzi. Mtu hukumbuka anaofanana nao na aliokaa nao mapumzikoni, bila nia mbaya hata kidogo. Ndiyo sababu naviomba vyama vitangaze nafasi za kamati kwa wanachama wote, viandike sifa zinazotakiwa, na kila mwaka vichapishe idadi ya walioomba na ya walioteuliwa, wanawake na wanaume.

Nanyi wanafunzi, mkiingia chumba cha upasuaji, vaeni aproni mliyopewa, simameni mbele ya kioo, inueni mkono kama mnaoshika drili. Mkiliona kwapa, mwandikieni anayeagiza vifaa siku hiyohiyo, na mweke sahihi zenu, wavulana na wasichana.