Mlango wa Mikono Minne

Musa: Tumerudi jamani. Mimi Musa, na mwenzangu mnamjua, leo kachelewa na ana rangi sikioni.

Zena: Kaka, wiki hii usinichokoze.

Musa: Mlango tena?

Zena: Mlango! Si mnajua naandaa maonyesho ya picha ninazochora za majengo yetu ya zamani, wiki tatu zimebaki, nikawa nshamaliza ile picha ya jengo la sinema, nikamwita jirani yangu mzee aje aone, kakaa pale anaangalia weee, halafu ananambia, "mwanangu, mlango haukuwa kijani, ulikuwa bluu." Nikapiga bluu. Kesho yake kaja dada yake, "mbona kijani umekifuta?"

Musa: Hahaha! Kwa hiyo sasa mkono wa ngapi wa rangi?

Zena: Wa nne.

Musa: Mlango una mikono minne! Huo hata hodi hupigi, unajifungua wenyewe.

Zena: We cheka. Hii rangi ya mafuta bwana, haikauki kama nguo kambani, inagandishwa na hewa taratibu, juu unagusa kavu kumbe ndani mbichi. Na mkono wa tatu niliuzimua sana na tapentaini nikaupiga juu ya ule wenye mafuta mengi, kosa la mwanafunzi kabisa, hapo itapasuka tu. Vanishi ndo usiseme, kwa kawaida unasubiri miezi 6 mpaka 12.

Musa: Weka kibao, "tafadhali usiupe mkono."

Zena: Ushaanza.

Musa: Haya, kwa kweli mi shida yangu sio mlango. Nyaya za umeme ziko wapi?

Zena: Sikuziweka.

Musa: Zilikuwepo tangu tuko wadogo! Kunguru walikuwa wanapanga foleni pale juu kama na wao wamekata tiketi.

Zena: Zinaharibu picha. Hata Canaletto, yule mchoraji wa Kiitalia, alikuwa anayasogeza majengo ya Venice kwenye picha zake ili yakae vizuri.

Musa: Canaletto wateja wake wengi Waingereza, watu wa kupita. Wako wewe wamekaa kwenye viti vya sinema hiyo.

Zena: Utrillo je, yule mchoraji Mfaransa? Montmartre, mtaa wake kule Paris, alikuwa anaichora kwa kuangalia kadi za posta.

Musa: Na akachanganya plasta kwenye rangi! Alitaka ukuta, dada. We unataka ukuta uliooga.

Zena: Nataka ukuta ninaoukumbuka.

Musa: Mlango wenyewe huukumbuki.

Zena: ...

Musa: Basi, samahani.

Zena: Hapana, umesema. Ila Monet, mchoraji mwingine wa Ufaransa, alichora kanisa moja la mji wa Rouen mara zaidi ya 30, hebu nambie ipi ndo ya kweli.

Musa: Zote, maana alikuwa analiangalia. We jengo lako unalipendelea.

Zena: Ndiyo nalipendelea! Kwa nini nisipendelee? Nyaya siweki.

Musa: Na mi nikija ntasimama mbele ya hiyo picha niwaoneshe watu zilipokuwa zinapita.

Zena: Njoo na fimbo yako ya mwalimu.

Musa: Oya, zimebaki dakika mbili. Tuliahidi kuongelea kupanga picha ukutani, taa, na vile vibao vya majina.

Zena: Wiki ijayo.

Musa: Wiki iliyopita ulisema hivohivo.

Zena: Subiri, simu inaita. Ni yule mzee.

Musa: Usipokee.

Zena: Shikamoo baba... ee, nakusikia...

Musa: Mkono wa tano huo jamani, kwaherini.