Marehemu Asiye na Mke Wala Mtoto: Mali Yake Huenda kwa Nani?

Mabibi na mabwana, hofu ninayoisikia kila mahali ni kwamba mtu akifa bila wosia, hana mke wala mtoto, serikali huchukua kila kitu. Sivyo. Hapa Kenya serikali iko mwisho wa foleni, na foleni yenyewe ni ndefu.

Kifungu cha 39 cha Sheria ya Urithi, Sura ya 160, huanza na wazazi. Wasipokuwapo, hufuata ndugu wa baba na mama mmoja, pamoja na watoto wa ndugu waliotangulia mbele ya haki. Kisha ndugu wa mzazi mmoja, kisha jamaa wa damu walio karibu zaidi, hadi daraja la sita. Kila kizazi ni daraja moja: hesabu hupanda kutoka kwa marehemu hadi kwa mzee mnayekutana kwake, halafu ikashuka hadi kwa jamaa anayedai. Mtoto wa ami yako ni daraja la nne. Mjukuu wa ndugu ya babu yako ni la sita, na bado ni mrithi halali. (Mirathi ya Waislamu huongozwa na sheria ya Kiislamu.)

Akikosekana hata huyo, fedha huingia Mfuko Mkuu wa Serikali. Ardhi ina njia yake: kwa Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 huwa ya umma, ikashikwa na kaunti kwa niaba ya wakazi na kusimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi.

Pesa za benki zilizolala miaka 5 ni jambo jingine. Hupelekwa UFAA, mamlaka ya serikali ya mali za kifedha zisizodaiwa, kutunzwa tu, na warithi wanaweza kuzidai wakati wowote.

Mali hupotea pale ukoo unaponyamaza. Mwezi ukipita bila mtu kuomba usimamizi wa mirathi, chifu anatakiwa kwenda kuilinda mali, lakini asiyeambiwa kuna kifo atajuaje? Jirani husogeza ua, jamaa hutoa pesa kwa kadi ya marehemu. Hilo la kadi ni kosa: faini hadi shilingi 10,000, kifungo hadi mwaka 1, au vyote.

Nendeni mahakamani na cheti cha kifo, barua ya chifu yenye majina ya jamaa, na orodha ya mali. Andikeni nambari ya shamba kama ilivyo kwenye hati. Kwa "shamba la Kitale" msajili hawezi kuhamisha chochote. Tangazo hutoka kwenye Gazeti Rasmi, pingamizi hupewa siku 30, na uthibitisho wa hati ya usimamizi kwa kawaida huja baada ya miezi 6. Jamaa wa mbali alete ushahidi wa kila kizazi kinachomuunganisha na marehemu, maana pengo la kizazi kimoja huvunja dai lote.