Kabla ya Kufungua Gesi: Mabomba ya Kiyoyozi cha Ukutani

Ndugu mafundi, wanafunzi na wageni waalikwa,

Nimeombwa nizungumzie ujazaji wa gesi katika kiyoyozi cha ukutani, yaani kile ambacho sehemu yake ya ndani na sehemu yake ya nje yenye kompresa huunganishwa kwa mabomba mawili ya shaba. Nitazungumzia jambo hilo, ila nawaomba radhi mapema kwamba gesi yenyewe itachelewa kuingia katika maelezo yangu, kama inavyopaswa kuchelewa kuingia katika mabomba. Mashine mpya huja na gesi yake ndani ya sehemu ya nje, imefungiwa nyuma ya valvu mbili. Kwa hiyo karibu kazi yote ya fundi ni kuandaa njia iliyo safi, kavu na isiyovuja, kisha ndipo aifungulie.

Tuanze na mdomo wa bomba, kwa sababu hapo ndipo uvujaji mwingi huzaliwa. Bomba hukatwa kwa kikatio cha gurudumu kinachokazwa kidogo kidogo kila kinapozungushwa, si kwa msumeno, kwa kuwa unga wa shaba utakaobaki ndani utasafiri hadi kwenye valvu ya upanuzi, yaani njia nyembamba ambapo kimiminika hushushwa mgandamizo na kupoa, na kuiziba. Ukikwangua makali ya ndani, elekeza mdomo chini ili vumbi lidondoke nje. Kisha ingiza kwanza nati itakayolibana bomba kwenye kiungo, ndipo utanue mdomo. Mnacheka, lakini mimi mwenyewe nimewahi kutanua mdomo mzuri kabisa, nikaugeuza kwenye mwanga kuufurahia, kisha nikaiona nati imelala sakafuni ikinitazama. Mdomo ule nilikuwa sina budi kuukata.

Mdomo uliotanuliwa vyema hung'aa sawasawa pande zote, hauna ufa wala mkwaruzo, na nati hupita juu yake bila kuukwaruza. Upake tone la mafuta ya kompresa, uulenge katikati, kisha uikaze nati kwa vidole mpaka igome, na mwisho utumie spana mbili, moja ikiwa ya kupimia mkazo. Bomba la robo inchi kwa kawaida huhitaji newtonimita 14 hadi 18, na la inchi tatu kwa nane 33 hadi 42, ingawa kitabu cha mtengenezaji ndicho mwamuzi. Wapo wanaoamini kwamba kukaza zaidi ni kuzuia zaidi. Shaba ni laini, na ukiibana kupita kiasi mdomo huwa mwembamba, ukapasuka baada ya miezi michache ya mtikisiko.

Mabomba yote mawili yavishwe sponji, kila moja peke yake. Katika mashine nyingi za aina hii upanuzi hufanyika katika sehemu ya nje, kwa hiyo hata bomba jembamba hubeba kimiminika ambacho tayari ni baridi wakati wa kupoza, nalo likiachwa wazi litatoka jasho na kulowesha ukuta.

Baada ya hapo, ili kupima uvujaji, huingia nitrojeni kavu, kupitia regyuleta, yaani kidhibiti cha mgandamizo, kwa hatua, mpaka kiwango cha majaribio alichoandika mtengenezaji. Kamwe usitumie oksijeni: oksijeni yenye mgandamizo ikikutana na mafuta hulipuka. Geji ikishuka kidogo usiku kucha, usikimbilie kulaumu mdomo wa bomba kabla ya kupima joto. Nitrojeni ya baa 40 katika nyuzi 30 za Selsiasi itasoma takriban baa 38.6 joto likishuka hadi nyuzi 20, bila hata kiputo kimoja kutoka. Ikishuka zaidi ya hapo, pakaza povu la sabuni kwenye kila kiungo na utulie utazame.

Sasa tufike mahali ninapotaka kukaa zaidi, nako ni kuondoa hewa na unyevu. Mafuta ya sintetiki yanayotumika pamoja na gesi za kupozea za R-410A na R-32 hufyonza maji kwa pupa, na maji hayo huyageuza kuwa asidi inayokula waya za mota ya kompresa. Pampu ya ombwe, ile inayotoa hewa mabombani, haifyonzi maji kama maji, huyachemsha kwa kushusha mgandamizo. Katika nyuzi 25, maji huchemka mgandamizo unaposhuka hadi karibu milimita 24 za zebaki, ilhali hewa ya kawaida usawa wa bahari ni 760. Sisi hushuka mbali zaidi, hadi mikroni 500, ambayo ni nusu milimita. Geji za kawaida za kujazia haziwezi kuonyesha tofauti hiyo, kwa maana sindano hugonga mwisho mapema na kukudanganya. Hitaji hapa ni geji ya mikroni, nayo iwekwe mbali na pampu.

Ukifika mikroni 500, funga valvu ya pampu, usubiri dakika 10 au zaidi, macho yakiwa kwenye namba. Zikipanda bila kukoma, kuna tundu. Zikipanda kisha zikatulia, kuna unyevu ambao bado unachemka, na pampu irudi kazini. Zikibaki karibu pale pale, umemaliza. Kutoa hewa kwa kuachilia gesi kidogo ya mashine isukume nje ni uzembe: unyevu hubaki, na gesi hiyo huenda kuongeza joto la dunia.

Ndipo valvu zifunguliwe, kwanza ile ya bomba jembamba la kimiminika, taratibu. Ikiwa bomba limezidi urefu uliohesabiwa kiwandani, ongeza kwa mizani, si kwa kubahatisha na geji. Tuseme kiwanda kimeweka gesi ya mita 5, na kitabu kinataka gramu 20 kwa kila mita ya ziada. Bomba la mita 9 litahitaji gramu 80. R-410A ni mchanganyiko wa R-32 na R-125, nusu kwa nusu kwa uzito, hivyo itolewe mtungini ikiwa kimiminika ili uwiano usivurugike, na ipitishwe polepole isiifikie kompresa ikiwa kimiminika. R-32 ni gesi moja tu, lakini huweza kuwaka, hivyo pawe na hewa ya kutosha na pasiwe na moto karibu.

Ukichomoa mpira wa geji, rudisha vifuniko vya shaba nyeupe juu ya valvu na uvikaze, kisha pakaza sabuni mara ya mwisho.