Saa Tisa Usiku, Daejeon

Asanteni kwa kunikaribisha. Aliyenitambulisha amesema nimekuja kuzungumzia kufundisha Kiingereza Korea Kusini. Ni kweli, ila ni nusu. Nilikwenda Daejeon kufundisha Kiingereza, nikajikuta mwanafunzi wa Kikorea, na kilichonivusha ni Kiswahili. Nitasimulia majuma machache tu ya mwaka ule wa kwanza, yale ya kuelekea Krismasi, maana ndipo lugha zote tatu zilipogongana.

Kwanza nimalize suala la viza, kwa sababu najua ndilo lililowaleta vijana walioketi nyuma. Viza ya walimu wa lugha inaitwa E-2, na kwa Kiingereza kwa kawaida hupewa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, Nyuzilandi na Afrika Kusini. Mimi nilizaliwa hapa Mombasa nikakulia Toronto, nina pasi ya Kanada. Binamu yangu anafundisha Kiingereza sekondari mwaka wa kumi na moja sasa, kwa sarufi ananishinda, lakini mlango ule ungemfungia. Sioni haki hapo. Ndivyo ilivyo, na wakala akikuahidi vingine, muulize mara mbili kabla hujatoa hela.

Kazi yenyewe ilikuwa katika hagwon. Sisi tungesema tuisheni, ila hii ni tuisheni yenye ghorofa nne na basi la njano la kuwabeba watoto. Unaanza mchana wakitoka shule, unamaliza usiku. Na Kiingereza huko si mchezo. Kila Novemba, siku ya mtihani wa kuingia chuo kikuu, ndege haziruki wala hazitui nchi nzima kwa dakika 35 hivi, ili watahiniwa wasikie vizuri sehemu ya kusikiliza Kiingereza. Watoto wangu wa miaka tisa walishalijua hilo.

Desemba ilipoingia nikaandika ubaoni neno Christmas. Darasa zima likasoma kwa sauti moja: keu-ri-seu-ma-seu. Silabi tano! Mwingereza ana mbili. Mwalimu mwenzangu Mmarekani alikuwa akigonga meza kwa kidole, mara mbili, kuwaonyesha, nao wakimrudishia tano zao. Mimi nilichosikia ni sauti ya bibi yangu, Mungu amrehemu, aliyekuwa akisema Kirisimasi. Ugonjwa ni uleule. Kikorea hakipendi konsonanti zibanane. Zikibanana huchomekwa irabu katikati, na neno la kigeni lenye mwisho mkavu mara nyingi hutiwa irabu mkiani. Sisi tulipata burashi na kilabu kwa njia hiyohiyo. Basi sikuwakataza tano zao. Tulizipiga makofi zote, kisha tukawa tunaondoa irabu mojamoja kama mtu anayechambua mchele. Wiki ilipoisha, wawili walikuwa wamefika kwenye mbili. Wawili kati ya kumi na mmoja, naona mnacheka, lakini mimi nilitoka nimeringa.

Jumamosi asubuhi zamu ilinigeukia. Darasani tulikuwa mabibi kadhaa kutoka Vietnam walioolewa huko, kijana wa Uzbekistan na mimi. Herufi hazikunisumbua. Hangul ina herufi za msingi 24, na Mfalme Sejong alipoitangaza mwaka 1446 aliwakusudia hasa watu wa kawaida. Balaa lilianza kwenye hesabu. Wakorea wana hesabu mbili, moja yao ya asili, hana, dul, set, na nyingine yenye asili ya Kichina, il, i, sam. Saa inasomwa kwa ile ya kwanza, dakika kwa ile ya pili, ndani ya sentensi moja. Wenzangu wakaguna. Mimi nikaanza kuhesabu kimoyomoyo: moja hadi tano za Kibantu, sita na saba za Kiarabu, nane tunarudi nyumbani, tisa tunatoka tena. Na hakuna aliyewahi kutuomba maelezo.

Kisha tukaambiwa kuwa huwezi kuhesabu kitu bila kutaja ni cha aina gani. Vitabu vitatu ni chaek se gwon, na hiyo gwon ni ya vitabu. Watu wana myeong, wanyama wana mari. Mwalimu alilieleza jambo hili kwa upole, kama mtu anayetoa habari za msiba. Lakini kwa aliyesema watu watatu, miti mitatu, vitabu vitatu tangu hajaota meno yote, msiba uko wapi? Wanaisimu mliopo msinirukie, najua si kitu kimoja. Ngeli zetu hutawala sentensi nzima, zao husimamia hesabu tu. Ila sikio lilikuwa tayari. Vivyo hivyo theluji: Wakorea husema inaanguka peongpeong, na taa za sikukuu zinawaka banjjak-banjjak. Nani kati yetu atashindwa kuelewa hilo, sisi wenye kimya jii na nyeupe pe?

Katikati ya mwezi niliwapa watoto kazi ya kumwandikia barua Santa, ambaye wao humwita Santa harabeoji, Babu Santa. Msichana mmoja, mtoto wa pekee kwao, aliandika kwa Kiingereza kwamba mama yetu amechoka, tafadhali mpe mama yetu usingizi mrefu. Nikachukua kalamu nyekundu, nikasahihisha mara mbili: mama yangu, mama yangu. Jumamosi iliyofuata tukafundishwa neno uri, yaani yetu. Mkorea husema nyumba yetu, mama yetu, na mke husema hata mume wetu, ilhali ni wake peke yake. Nikaona haya. Mimi pia ni mtoto wa pekee, na sijawahi kuiita nyumba ya mama yangu nyumbani kwangu. Ni nyumbani kwetu.

Jumatatu nilimrudishia barua yake, na pembeni nimeandika kwa penseli: Kiingereza kinasema hivi, Kikorea kinasema ulivyosema. Akasoma polepole, akaniuliza, na lugha yako, tichaa? Nikamwambia, kwetu. Akaiandika kwa Hangul juu ya kifutio chake, kisha akakifutia kazi yake, na neno likaondoka.

Krismasi yao, kwa kweli, ilinipwaya. Ni sikukuu ya kitaifa, lakini ni ya wapenzi na keki. Hakuna pilau, hakuna wageni wa kulala sebuleni. Keki ni nyeupe, ya malai, juu stroberi, maana stroberi za vibanda vya plastiki huanza kuiva Desemba. Daejeon ina duka la mikate mashuhuri, Sungsimdang, lililoanza mwaka 1956 mbele ya stesheni ya reli kwa mifuko miwili ya unga waliyopewa na padri. Foleni yake ya Krismasi inazunguka mtaa. Nilisimama saa nzima, vidole vikafa ganzi, nikaenda zangu kununua bungeoppang, vile vimkate vyenye umbo la samaki na maharage matamu ndani.

Sasa hili la mwisho. Korea iko mbele ya Mombasa kwa saa sita. Hesabu ya saa ya Waswahili nayo imepishana na ile ya ukutani kwa sita. Kwa hiyo Mombasa ikiwa saa moja asubuhi, mshale wa Daejeon umelala juu ya moja. Saa ya darasani kwangu ilikuwa inasoma Kiswahili, na ilinichukua miezi kugundua.

Tarehe 24 ni siku ya kazi huko. Kipindi cha mwisho kilipokwisha, mama akapiga simu.

“Huko saa ngapi?”

Nikatupa jicho ukutani. “Saa tisa, mama.”

“Hata hapa ni saa tisa. Mbona uliniambia huko huwa usiku?”

“Ni usiku.”

Akanyamaza kidogo. “Saa tisa za usiku, mkesha wa Krismasi, na bado wamekuweka darasani?”

Kabla sijafungua mdomo nikamsikia akimwita shangazi aje asikie mtoto anavyoteswa. Mama mwenyewe yule pale, safu ya pili, mwenye leso ya kijani. Mkitoka muulizeni. Nimemweleza kwa mdomo, nimemchorea na saa kwenye karatasi, na mpaka leo anawaambia majirani kwamba Wakorea walinifanyisha kazi hadi alfajiri.