Simu ya Video Inakwama? Anza na Kompyuta Yako

Hamjambo watazamaji, karibuni. Hapa Mombasa, picha ya mjomba aliye Dubai ikiganda tu, lawama zote huenda kwa mtandao. Jamani, waya wa baharini wa TEAMS umetuunganisha na Fujairah, huko huko Emirati, tangu 2009, na sauti peke yake hupita kwa kilobiti 100 hivi kwa sekunde. Mara nyingi kosa limo humo humo chumbani.

Haya, kwanza jiulize ni nani hasikii. Wewe unamsikia vizuri, yeye hakusikii kabisa? Hiyo ni maikrofoni. Kwenye Windows 11 fungua Settings, kisha Privacy & security, kisha Microphone, uone kama programu ya simu imeruhusiwa. Halafu ndani ya programu yenyewe angalia ni maikrofoni gani imechaguliwa. Kompyuta ina tabia ya kung'ang'ania hedifoni za Bluetooth ulizozisahau mkobani zikiwaka.

Kamera nyeusi? Sogeza kile kifuniko kidogo juu ya skrini. Usicheke, kinawasumbua wengi.

Ukisikia mwangwi wa sauti yako mwenyewe, usihangaike na mashine yako. Sauti yako inatoka kwenye spika za mwenzako na kuingia tena kwenye maikrofoni yake. Mwambie avae hedifoni.

Sasa ile sauti ya kukatakata. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka Task Manager. Tazama hapa, safu ya CPU, yaani ubongo wa kompyuta: ikikaribia asilimia 100, funga tabu za kivinjari na programu usizozitumia. Shika na chini ya laptopu. Ikipata moto hupunguza kasi yenyewe ili isiungue, na joto letu la kaskazi mnalijua. Itoe juu ya godoro, iweke mezani ipate hewa. Feni washa, ila isiipulizie maikrofoni.

Kompyuta imetulia na bado simu inakatika? Fungua Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri, andika ipconfig, utafute anwani iliyo kwenye mstari wa Default Gateway. Hiyo ndiyo rauta yako. Andika ping, anwani hiyo, kisha -n 50: kompyuta itaiita rauta mara 50 na kupima kila jibu linachukua muda gani kurudi. Namba za time zikiwa ndogo na tulivu, Wi-Fi yako ni nzima. Zikirukaruka kutoka 3 hadi 300, signali inapotea humo nyumbani. Kuta nene za mawe ya matumbawe za Mji wa Kale huimeza hasa ile ya gigahezi 5. Jaribu ya 2.4, au sogea chumba kimoja na rauta. Waya ni bora kuliko zote.

Rudia ping, mara hii kwa 8.8.8.8, anwani ya Google iliyo nje kwenye intaneti. Ikiwa rauta imejibu vizuri na hapa ndipo namba zinaporuka, sasa wapigie wanaokuuzia intaneti, uwasomee majibu yote mawili kabla hawajakuambia uzime rauta na kuiwasha.